Mluzi unaopanda na injini: usinunue kitu kabla hujajua unaingilia wapi

Swali: "Nilibadilisha redio ya gari na kufungiwa amplifaya ya chaneli nne kwenye buti. Chaneli mbili zinaendesha spika za milango ya mbele, mbili zimeunganishwa pamoja kuendesha sabufa moja. Tangu siku ya kwanza nasikia mluzi mwembamba kwenye spika za mbele. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka, nikizima injini na kuiacha redio ikipiga unatoweka kabisa. Nimebadilisha nyaya za RCA, zile zinazopeleka muziki kutoka redio hadi amplifaya, mara mbili, za mwisho zikiwa za bei kubwa, na nimefunga filta kwenye waya wa umeme nyuma ya redio. Mluzi haujapungua, na baada ya zile nyaya za pili naona umeongezeka. Fundi mmoja anasema alternata imekufa, mwingine anataka niweke kapasita kubwa, kile kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi. Halafu kuna hili la pili: usiku nikiwa nimewasha taa na muziki uko juu, amplifaya inakata kwa sekunde moja au mbili kisha inarudi. Nianzie wapi kabla sijamaliza pesa?"

Pole kwa pesa iliyokwisha kutoka mfukoni. Umeeleza vizuri, na ndani ya maelezo yako mna dalili tatu ambazo hao mafundi wawili wangezifuata wasingekimbilia vifaa vipya. Mluzi unafuata mwendo wa injini. Unasikika mbele tu, sabufa haina. Na uliongezeka baada ya nyaya za pili. Ukichanganya na tabia ya amplifaya kukata usiku, nashuku matatizo yako mawili yana mzizi mmoja: ethi ya amplifaya, yaani ule waya mfupi unaotoka kwenye hasi ya amplifaya na kufungwa kwenye bodi ya gari. Nashuku tu, kwa sababu sijaliona gari lako. Ndiyo maana nitakueleza namna ya kupima, ili usilazimike kuniamini mimi wala fundi yeyote.

Kwanza tuutambue mluzi wenyewe. Alternata haitoi umeme mtulivu kama wa betri. Ndani yake kuna seti tatu za koili, kila moja ikitoa umeme unaopanda na kushuka, na daiodi sita zinazoulazimisha umeme huo uelekee upande mmoja. Unaotoka unaelekea upande mmoja kweli, ila juu yake bado pana vijimawimbi. Betri inavimeza vingi, si vyote. Chukua alternata yenye jozi sita za ncha za sumaku, ambazo ni za kawaida sana: kila inapozunguka mara moja inatoa vijimawimbi 36. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika bila kukanyagwa mafuta, na puli zikiizungusha alternata kwa kasi mara mbili na nusu ya hiyo, tunapata mizunguko 2000 kwa dakika. Hivyo ni vijimawimbi takriban 1200 kila sekunde, yaani hezi 1200, na hapo tayari ni mluzi. Kanyaga mafuta hadi injini ifike mizunguko 2500, mluzi utakuwa karibu na hezi 3750. Sikio la mwanadamu ni jepesi zaidi kati ya hezi 2000 na 5000, kwa hiyo kelele ya milivolti chache tu inatosha kukuharibia safari.

Hapo pia pana jibu la kwa nini sabufa iko kimya. Si kwamba imefungwa vizuri kuliko spika za mbele. Chaneli zake zina kichujio kinachozuia kila sauti iliyo juu ya hezi 80 au 100, kwa hiyo mluzi unaingia huko vilevile, ila unakatwa njiani. Mtu akikwambia spika za milangoni ndizo mbovu kwa kuwa sabufa haipigi mluzi, usimkubalie.

Vijimawimbi hivi vipo katika kila gari lenye alternata, hata lililotoka kiwandani leo. Kinachotofautisha gari lenye mluzi na lisilo nao ni kwamba kwenye moja kelele imepata mlango wa kuingilia kwenye muziki, na kwenye jingine haikuupata. Kazi yetu ni kuutafuta huo mlango.

Mara nyingi uko upande wa hasi, mahali ambapo watu hawatazami. Tumezoea kuichukulia bodi ya gari kama sifuri, kwamba popote utakapofunga waya mweusi ni palepale. Sivyo. Bodi ndiyo njia ya kurudia umeme wa taa, feni, pampu ya mafuta, plagi za injini na kila kitu kingine. Chuma kina ukinzani mdogo sana, lakini upo. Ampea 50 zikipita mahali penye ukinzani wa sehemu moja ya elfu ya omu, zinaacha tofauti ya milivolti 50. Redio yako imefungwa ethi nyuma ya dashibodi, amplifaya imefungwa ethi kwenye buti. Kati ya sehemu hizo mbili kuna milivolti kadhaa zinazocheza kwa mdundo wa alternata.

Sasa angalia waya wa RCA. Katikati una uzi unaobeba muziki, na kuuzunguka kuna wavu wa nyaya nyembamba uliounganishwa na ethi kila upande. Maana yake umeziunganisha ethi mbili zisizolingana. Umeme unaorudi, ambao ungepita kwenye bodi peke yake, unapata njia ya pili na sehemu yake inapita kwenye wavu. Amplifaya inasoma muziki kama tofauti kati ya uzi wa katikati na wavu. Haina namna ya kujua kwamba wavu wenyewe unatikisika, kwa hiyo mtikisiko huo inaukuza na kuupeleka kwenye spika kama sehemu ya wimbo. Redio nyingi hutoa volti 2 sauti ikiwa juu kabisa, lakini ukisikiliza kwa kiasi cha kuweza kuzungumza na abiria, muziki unaopita kwenye waya ule huwa wa makumi ya milivolti tu. Milivolti tatu za kelele juu yake zinasikika bila shida.

Ukishaliona hilo, utaelewa kwa nini ulichokifanya hakikusaidia. Nyaya mpya za RCA, hata zingekuwa na ncha za dhahabu, zinaunganisha zilezile ethi mbili. Filta uliyoweka inasafisha waya wa chanya wa redio, na kelele inapita kwenye hasi. Nayo kapasita unayoshauriwa haikai kwenye njia hii kabisa. Utasikia pia kwamba mluzi unatokana na waya wa RCA kupita sambamba na waya mnene wa betri. Ni vizuri kuvitenganisha, kimoja kipite upande wa kushoto wa gari na kingine kulia, na pale vinapolazimika kukutana vikatane kama msalaba. Lakini kwa uzoefu wangu, katika magari niliyoletewa na mluzi wa namna yako, hicho kilikuwa chanzo mara chache. Kabla hujang'oa mazulia, laza waya mwingine wa RCA juu ya viti kutoka kwenye redio hadi kwenye amplifaya na usikilize. Mluzi ukibaki vilevile, njia ya waya haina kosa.

Kuhusu alternata: inawezekana. Daiodi moja ikifa, vijimawimbi vinakuwa vikubwa na mluzi unazidi. Ila hilo linapimwa kwa mita ya kawaida kwa dakika mbili. Washa injini, washa taa kubwa na feni. Pima kwanza volti za DC, yaani umeme unaoelekea upande mmoja, kwenye vichwa vya betri. Magari mengi yatakupa kati ya 13.8 na 14.4, ingawa baadhi ya magari ya kisasa hushusha chaji kwa makusudi. Kisha geuza mita kwenye volti za AC, yaani umeme unaopanda na kushuka, na upime palepale. Chini ya 0.1 alternata ni nzima. Ukipata 0.5 au zaidi, daiodi zina shida na fundi wako wa kwanza yuko sahihi. Tahadhari moja kuhusu mita za bei nafuu: baadhi yake hukosea kwenye AC na kuonyesha 28 au 30 zikiwa zimegusa betri. Geuza ncha, nyekundu iende hasi na nyeusi chanya. Namba ikishuka hadi sifuri, mita yako haifai kwa kipimo hiki, tafuta nyingine.

Na tafadhali, usimruhusu mtu kupima alternata kwa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwaka. Bado naona watu wanafanya hivyo na inaniuma. Betri ndiyo inayotuliza volti za gari zima. Ukiitoa ghafla alternata ikiwa inachaji, volti zinaweza kuruka hadi makumi kadhaa kwa kitambo kidogo, na kitambo hicho kinatosha kuua kompyuta ya injini, redio, na amplifaya unayojaribu kuiponya.

Alternata ikishapita mtihani, fuata mluzi kutoka nyuma kuja mbele. Kabla ya kuchomoa au kuchomeka waya wowote wa RCA, zima redio na uhakikishe taa ya amplifaya imezimika. Nitakueleza sababu baadaye, kwani inakuhusu wewe hasa.

Anza na sauti. Injini ikiwaka, shusha sauti ya redio hadi sifuri. Mluzi ukibaki vilevile, unaingia baada ya kitufe cha sauti, yaani kwenye nyaya za RCA au amplifaya. Ukipanda na kushuka pamoja na sauti, unaingia kabla yake: kwenye chanzo cha muziki, kwa mfano simu iliyochomekwa kwa waya, au kwenye antena. Sentensi hii moja ingekuokolea bei ya ile filta.

Zima, chomoa RCA zote kwenye amplifaya, washa tena pamoja na injini. Kukiwa kimya, amplifaya na nyaya zake za spika hazina hatia, mluzi unaletwa na RCA. Ukiendelea, tatizo liko kwenye amplifaya yenyewe, ethi yake, au waya wa spika unaopita karibu na kitu chenye kelele. Wakati mwingine matundu yaliyo wazi hudaka mvumo kidogo na kukuchanganya. Chukua plagi ya zamani ya RCA, unganisha kipini cha katikati na pete ya nje kwa kipande cha waya, uichomeke kwenye tundu la amplifaya. Hapo unaiambia amplifaya kwamba muziki ni sifuri kamili. Lakini plagi hiyo isiingie kamwe kwenye matundu ya redio, wala waya wa spika usiguse bodi.

Hatua inayofuata ndiyo naipenda kuliko zote. Chukua simu isiyo kwenye chaji, waya wa kutoka tundu la spika za masikioni kwenda RCA, na uipeleke moja kwa moja kwenye amplifaya huko kwenye buti, sauti ikianzia chini. Simu inayotumia betri yake haina ethi na gari, kwa hiyo ule mzunguko wa umeme kati ya ethi mbili kupitia wavu wa RCA haupo. Muziki ukitoka safi injini ikiwaka, sasa una uhakika: amplifaya ni nzima, na kelele inazaliwa pale amplifaya na redio zinapoungana.

Ukifika hapo, vuta redio nje ya dashibodi bila kukata nyaya zake za umeme, na uhakikishe bodi yake haigusi chuma. Chomoa antena. Mluzi ukikata, ethi ya antena ndiyo iliyokuwa ikifunga mzunguko. Usipokata, chukua waya mnene kiasi kutoka kwenye hasi ya redio hadi palepale ilipofungwa ethi ya amplifaya, juu ya viti, kwa majaribio tu. Kama mluzi unapungua sana au unakwisha, umeupata mlango.

Sasa lile linalokuhusu. Ulisema mluzi uliongezeka baada ya nyaya za pili. Baadhi ya redio zina njia nyembamba sana au kifyuzi kidogo ndani ya sakiti, kinachounganisha pete za nje za RCA na ethi ya redio. Ukichomoa au kuchomeka RCA mfumo ukiwa umewashwa, au ethi ya amplifaya ikiwa dhaifu, mkondo mkubwa unaweza kupita kwenye wavu na kukiunguza. Redio inaendelea kupiga, lakini pete ya nje haina tena ethi ya kueleweka, na mluzi unakuwa mkali kuliko mwanzo. Kupima ni rahisi: redio imezimwa, RCA zimechomolewa, weka mita kwenye omu kati ya pete ya nje ya tundu la RCA na bodi ya chuma ya redio. Kwenye redio nyingi unatakiwa kupata karibu sifuri. Ukipata makumi ya omu, mamia, au hakuna muunganiko kabisa, kimeungua. Thibitisha kwa kugusisha waya kati ya pete hiyo na bodi ya redio huku mfumo ukipiga kwa sauti ndogo: mluzi utashuka papo hapo. Fundi wa redio anaweza kurekebisha ndani. Wapo wanaofunga waya huo wa nje moja kwa moja na kuuacha, na unafanya kazi, ila usikubali kabla ethi ya amplifaya haijatengenezwa, la sivyo safari ijayo kitaungua kitu kikubwa zaidi.

Tuje kwenye ethi yenyewe. Fungua pale ilipofungwa na uangalie kwa macho yako. Nategemea utakuta mojawapo ya haya: kichwa cha waya kimebanwa juu ya rangi, kimefungwa kwenye boliti ya kiti au ya mkanda, au waya ni mwembamba kuliko ule wa chanya. Rangi ya gari haipitishi umeme, kwa hiyo muunganiko wote unategemea nyuzi za boliti. Boliti za mikanda ni za kuokoa maisha, hazichezewi kwa sababu ya muziki. Niliwahi kukaa siku mbili na gari lenye tatizo kama lako, nikiwa nimeshabadilisha redio, kumbe ethi ilifungwa kwenye bati jembamba lililounganishwa na bodi kwa gundi na madoa machache tu ya kulehemu. Kwa macho lilikuwa chuma safi.

Tafuta chuma kinene cha bodi, karibu na amplifaya, waya usizidi nusu mita. Chungulia kwanza upande wa chini, usije ukatoboa tangi la mafuta, bomba la breki au nyaya. Kwangua kwa msasa hadi chuma king'ae, tumia kichwa cha waya kilichobanwa kwa nguvu, boliti na nati yenye washa ya meno, kaza, kisha paka rangi au grisi juu yake kuzuia kutu. Waya uwe na unene uleule wa chanya. Wengine watakushauri upeleke hasi ya amplifaya hadi kwenye betri. Kwenye magari mengi bodi ni njia bora kuliko waya mrefu, na kwenye gari lenye kile kipimo cha betri kinachokaa kwenye kichwa cha hasi, kufunga moja kwa moja kichwani kunaipotosha kompyuta ya chaji.

Usipime ethi kwa omu. Mita ya kawaida haioni chini ya sehemu moja ya kumi ya omu kwa uhakika, na ukinzani unaotutesa hapa ni mdogo kuliko huo mara nyingi. Pima kwa volti mzigo ukiwepo, na hapa ndipo tunapoingia kwenye lile la kukata.

Amplifaya nyingi hujizima zenyewe umeme ukishuka hadi karibu volti 10, kisha hujiwasha ukirudi. Kukata kwa sekunde moja wakati besi inapiga, taa zikiwa zimewashwa, ndiyo alama ya hilo. Ingekuwa inakata baada ya nusu saa na kurudi ikipoa, ningesema joto. Ingekata na kukataa kurudi hadi uizime, ningetafuta waya wa spika unaogusa bodi. Hakikisha pia mzigo wa sabufa: ikiwa na koili mbili za omu 4 zilizofungwa pamoja sambamba, inakuwa omu 2, na amplifaya nyingi za chaneli nne zikiunganishwa chaneli mbili kwa moja haziruhusu chini ya omu 4. Maandishi ya mipaka yako kwenye amplifaya yenyewe.

Weka wimbo wenye besi nzito, injini ikiwaka, taa zimewashwa. Pima volti kwenye vichwa vya amplifaya. Tuseme betri ina 13.6 na amplifaya inapata 11 wakati wa mdundo. Zile 2.6 zimepotelea njiani, na mita itakwambia wapi. Refusha ncha moja kwa waya mwembamba: gusa chanya ya betri na chanya ya amplifaya. Zaidi ya 0.5 wakati wa mdundo ni nyingi, angalia waya, kishikio cha fyuzi na vichwa vyake. Kisha hasi ya betri na hasi ya amplifaya. Ikizidi 0.2 au 0.3, ethi yako ni mbaya, au mkanda unaounganisha betri, injini na bodi umelika kutu. Kwa kuwa mita ni nzito kufuata midundo, wimbo wa mlio mmoja wa hezi 50 utakupa namba iliyotulia. Usiupige zaidi ya sekunde chache, unapasha koili moto.

Kosa likiwa kwenye chanya, mshukiwa wa kwanza ni waya mwembamba. Amplifaya inayotoa wati 300 huvuta ampea 40 au zaidi kwenye kilele. Mita 5 za shaba ya milimita mraba 8 zitapoteza chini kidogo ya nusu volti kwa mkondo huo. Za milimita mraba 4, karibu volti 0.9. Na seti nyingi za bei ya chini si shaba, ni alumini iliyopakwa shaba, inayopoteza zaidi ya nusu tena juu ya hapo, huku ngozi ya plastiki ikiwa nene ili waya uonekane mkubwa. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, umeujua. Kwenye chanya lazima kuwe na fyuzi karibu na betri, isizidi nusu mita. Fyuzi hiyo inalinda waya usiwashe moto gari, haipo kwa ajili ya amplifaya. Kama haipo, usiliendeshe gari na waya huo ukiwa umefungwa kwenye betri.

Sasa unaweza kumjibu fundi wa kapasita kwa hesabu. Kapasita ya faradi 1 ikishuka kutoka volti 14 hadi 12 inatoa jouli 26. Amplifaya inayovuta wati 500 inazimaliza kwa takriban sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Inaweza kulainisha mpigo mmoja wa ngoma. Haiwezi kuziba pengo la sekunde nzima wala kutibu waya mwembamba, na mluzi hutausikia ukipungua.

Kuna njia ya mkato utakayopewa: kile kiboksi kidogo kinachochomekwa kati ya RCA na amplifaya kutenganisha ethi. Si uongo, kinafanya kazi. Ndani yake kuna transfoma ndogo zinazopitisha muziki kwa sumaku bila kuunganisha hasi. Lakini vya bei ya chini hupunguza besi ya chini na kuikwaruza sauti ikiwa kubwa. Ikiwa umerekebisha ethi na bado unasikia mluzi kidogo, kiweke kwenye chaneli za mbele tu, ambako besi nzito haihitajiki. Kama ulivyo sasa, na amplifaya inakata, kitakuondolea kelele na kukuachia ugonjwa.

Geini nayo itazame. Si kitufe cha sauti, ni cha kulinganisha amplifaya na redio. Ikiwa imezungushwa hadi mwisho, kila milivolti ya kelele inakuzwa kwa nguvu zote. Ishushe hadi chini, pandisha redio hadi robo tatu ya sauti yake, kisha ongeza geini polepole hadi sauti ianze kukwaruza, urudishe kidogo. Wapo watu ambao hatua hii peke yake iliwaondolea nusu ya mluzi.

Mpelekee fundi umeme wa magari gari lako bila kusubiri ikiwa AC ya betri imefika 0.5, ikiwa fyuzi inaungua tena na tena, au ukisikia harufu ya plastiki ikiungua au waya wa moto mkononi. Nyaya zenye viunganishi vya njano chini ya viti na kwenye usukani ni za mifuko ya hewa: usizitoboe kwa ncha ya mita wala kuzichomoa. Gari likiwa la haibridi (la injini na mota ya umeme pamoja) au la umeme, popote penye nyaya za rangi ya chungwa pana volti za kuua, waachie waliosomea. Na ukienda kwa fundi, mwombe apime mbele yako kabla ya kubadilisha chochote. Fundi mzuri hatachukia.

Anza na ethi ya amplifaya, leo ikiwezekana, redio ikiwa imezimwa. Ukikwama, niandikie tena na namba nne: volti za AC kwenye betri, volti zinazopotea upande wa chanya, zinazopotea upande wa hasi, na omu kati ya pete ya RCA na bodi ya redio.